Bangi Haikuwa kwenye Karatasi ya Kura

Kila mjadala wa bangi unapozuka Kenya, iwe redioni, bungeni au kwenye kiti cha kinyozi, hatakosekana mtu wa kuufunga kwa jina moja tu: Wajackoyah. Si aliwania urais mwaka 2022 kwa ahadi ya bangi? Si aliambulia kura 61,969, asilimia 0.44? Basi Wakenya walishasema, jalada lifungwe.

Jalada hilo halijawahi kufunguliwa. Tarehe 9 Agosti 2022 hakuna mpiga kura hata mmoja aliyeulizwa kama mtu akikutwa na msokoto afungwe, atozwe faini au aachwe aende zake. Aliulizwa nani awe rais, na mbele yake palikuwa na picha nne.

Tena yule mwenye kitambaa kichwani hakuja na bangi peke yake. George Wajackoyah na chama chake cha Roots waliahidi pia ufugaji wa nyoka, biashara ya kuuza korodani za fisi China, wiki ya kazi ya siku nne, kunyongwa kwa wezi wa mali ya umma na kusimamishwa kwa katiba kwa muda. Mikutano yake ilichekesha, na vijana waliitikia kwelikweli wito wake wa "tingiza mti". Lakini siku chache kabla ya kura, yeye na mgombea mwenza wake, Justina Wamae, walikuwa wakivutana hadharani. Mtu anaweza kuipenda bangi kwa moyo wote na bado akasita kumkabidhi Ikulu mwenye mpango wa fisi.

Ushahidi uko kwenye takwimu za serikali yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, wa mwaka huohuo ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, yaani mmoja kati ya kila 53. Toa wasiofikisha miaka 18, toa wasiojiandikisha, toa waliolala siku ile. Bado wavutaji wengi walipanga foleni wakampigia mtu mwingine. Kama kura za Wajackoyah ndizo kipimo, basi Kenya ina watu wengi zaidi wanaoivuta bangi kuliko wanaoikubali.

Kipimo hicho kina kichekesho kingine. Aliyeshika mkia ni David Waihiga Mwaure wa chama cha Agano, wakili ambaye pia ni mhubiri. Alipata kura 31,987. Kwa hesabu za wafunga jalada, Wakenya waliikataa bangi, kisha wakaikataa Injili maradufu! Hakuna anayethubutu kusema hivyo, maana kila mtu anajua kilichotokea. Mbio zilikuwa za William Ruto na Raila Odinga, waliotenganishwa na kura laki mbili na ushei kati ya zaidi ya milioni 14, na mwenye kura yake hakutaka kuitupa.

Wapo walioulizwa waziwazi. Novemba 2012, wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, walipewa maswali mawili kwa mpigo, la rais na la bangi. Marekebisho namba 64, yaliyohalalisha bangi kwa watu wazima, yalipita kwa asilimia 55, kura nyingi kuliko alizopata Barack Obama aliyeshinda jimbo hilohilo. Gavana John Hickenlooper aliyapinga, yakapita hivyo hivyo. Na Gary Johnson, mgombea urais aliyekuwa akiitetea bangi kwa miaka mingi? Aliambulia asilimia moja na ushei. Ni watu walewale, siku ileile. New Zealand nayo mwaka 2020 iliweka kura ya maoni juu ya bangi sambamba na uchaguzi mkuu. Chama cha watetezi wa bangi hakikufikisha hata nusu asilimia, ilhali swali lenyewe liliungwa mkono na asilimia 48.4. Lilishindwa, ndiyo, lakini kwa unywele.

Huenda Wakenya nao, wakiulizwa, watakataa, tena kwa kishindo. Viongozi wa dini wana sauti nzito, na wazazi wana hofu yenye msingi. Lakini "huenda" si matokeo ya uchaguzi.

Imani kwamba Wakenya walishaikataa bangi inawafaa sana wanasiasa, kwa sababu inawapa ruhusa ya kunyamaza. Mwaka 2018 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alimwandikia Spika Justin Muturi akiomba asaidiwe kuandaa mswada wa kuondoa jinai ya bangi, kufuta rekodi za waliohukumiwa kwa kuimiliki, kuweka kodi na kuwakinga watoto. Saratani ilimchukua Julai 2019, na mswada ukabaki bila kupigiwa kura. Huku mitaani mambo ni yaleyale. Gari la polisi linasimama ghafla maskani, vijana wanaambiwa wageuze mifuko nje, na aliyekutwa na rolo moja anaanza kupiga hesabu kati ya seli na kitu kidogo.

Isitoshe, hata njia ya saini milioni moja ambayo katiba ya Kenya inawapa wananchi ni ya kubadili katiba yenyewe, si sheria ya kawaida kama ile ya mihadarati ya 1994 inayoharamisha bangi. Mlango mwingine ni mahakama. Afrika Kusini ilipitia huko: Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, kupitia hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, iliamua kwamba mtu mzima kutumia bangi faraghani si kosa, bila mpiga kura yeyote kuulizwa. Nchini Kenya, Warastafari waliwasilisha ombi lao Mahakama Kuu mwaka 2021, wakidai haki ya ibada na faragha. Ombi hilo liliitangulia kura ya Wajackoyah kwa mwaka mzima, na asilimia yake 0.44 haikulifuta.