Ardhi Kidogo kwa Watoto wa Mjini

Mtoto wa shamba hana haja ya kufundishwa kwamba mchicha hautoki dukani. Huuona ukipandwa, hutumwa kuupalilia, na huonywa asiukanyage. Ama mtoto wa mjini, hasa azaliwaye katika nyumba za ghorofa, huujua ukiwa umefungwa fungu sokoni tu, na udongo kwake ni uchafu aliokatazwa kuushika. Kwa ajili ya watoto wa namna hii wako watu katika miji mikubwa ya dunia waliohangaika tangu zamani kuwatafutia vipande vya ardhi. Mwezi huu twapenda kusema nanyi, wazazi, juu ya kazi yao, kwani humo mna mazuri na mna machungu.

Tutazame mji wa New York. Mwaka 1902 bibi mmoja, jina lake Fannie Griscom Parsons, alifungua shamba la watoto katika kiwanja cha umma kiitwacho DeWitt Clinton Park, upande wa magharibi wa Manhattan, mahali palipokuwa na watu wengi maskini. Kila mtoto alipewa tuta lake mwenyewe, apande, anyweshe, apalilie, na mavuno ayachukue kwao. Bibi huyu alieleza waziwazi kwamba hakuanzisha shamba kwa ajili ya mboga na maua. Hayo yalikuwa njia tu. Alilotaka ni watoto wazoee kazi, na watunze kilicho cha umma kama watunzavyo chao. Twaona alikuwa na akili kubwa. Mtoto hujifunza uaminifu upesi zaidi kwa nyanya ya jirani iliyoiva, naye hana ruhusa ya kuichuma, kuliko kwa mawaidha mia.

Lakini shamba lile halipo tena. Mwaka 1932 liliondolewa ili ipite barabara kuu. Na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu, maana adui mkubwa wa bustani ya watoto mjini si ukame wala wadudu; ni karatasi. Ardhi ya mjini ina bei, na mtoto hana hati.

Tangu mwaka 1973, alipoanza Liz Christy na wenziwe kusafisha kiwanja kilichojaa takataka penye pembe ya mitaa ya Bowery na Houston, wakazi wa New York walizigeuza sehemu nyingi zilizoachwa ukiwa kuwa bustani za mtaa. Takataka zilipokwisha, maua yalipochanua na mtaa ulipopendeza, bei ya ardhi nayo ikapanda. Mwaka 1999 serikali ya mji, chini ya meya Rudolph Giuliani, ilikusudia kuzinadi bustani zaidi ya mia. Ziliokolewa 114 dakika za mwisho, zikanunuliwa na jumuiya mbili za hisani kwa dola zaidi ya milioni 4. Mtaa wa Lower East Side iko bustani ya watoto iitwayo Children's Magical Garden, iliyoanzwa miaka ya 1980 juu ya jaa. Mwaka 2013 sehemu yake ilikuwa mali ya mwenye kujenga majumba, naye akapitisha ua katikati ya bustani. Sehemu iliyokuwa mali ya mji ilitiwa mikononi mwa idara ya bustani za umma, ikasalimika. Watoto wale wale, jua lile lile, mikono ile ile. Tofauti ilikuwa jina la mwenye ardhi.

Msomaji Mwislamu hawezi kulisoma jambo hili asikumbuke wakfu. Zile jumuiya zilizonunua bustani ili zisiuzwe tena zilifanya kitu ambacho wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walikijua kwa karne nyingi, walipofunga mashamba na nyumba kwa ajili ya misikiti na maskini. Tumefundishwa kuwa mwenye kupanda mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi anayeweka wakfu robo ya eka ili watoto wapande kila mwaka, thawabu zake zitahesabiwaje? Nasi twaona ajabu kwamba aghalabu tukitoa ardhi, hutoa ya kujenga tu.

Ama kwa wale walio tayari kuanza, tuna maneno machache. Udongo wa mjini usiuamini. Rangi za kale na petroli ya zamani ziliacha madini ya risasi ardhini katika miji mingi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Penye shaka, jazeni udongo safi katika masanduku ya mbao isiyopakwa rangi, na watoto wanawe mikono kila watokapo. Maji ya mtaro msiyatumie hata siku moja. Anzeni na mchicha, kwani mtoto hana subira na huo huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Matembele hushika kwa kipande cha shina tu. Bamia zingojee mpaka wamekwisha kuonja ushindi.

Na wazazi wawe mbali kidogo! Huko Leipzig, Ujerumani, katika miaka ya 1860, mwalimu mmoja alitengeneza matuta ya watoto kandokando ya kiwanja chao cha kuchezea. Watoto wakachoka, wazazi wakaingia kuwasaidia, na haukupita muda bustani zikawa za wazazi kabisa, na ni zao hata leo.

Lililobaki ni likizo. Bustani nyingi za shule hufa kwa sababu shule imefungwa na hakuna wa kunywesha. Kamati ya wazazi na iandike zamu za maji, jina kwa jina na siku kwa siku, kabla ya kengele ya mwisho, na ufunguo wa lango uachwe kwa mtu akaaye karibu.