“Ukuta wa Moto” au Bawabu?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, itakuwaje iwapo mwenye ukuta hajui hata kuwa ukuta wake waweza kuingia ufa?

Mnamo tarehe 5 Machi 2019, kampuni ya sPower ya jimbo la Utah, Marekani, iliyokuwa ikizalisha umeme wa jua na upepo, ilipatikana katika hali hiyo. Wavamizi kutoka nje walitumia dosari iliyomo katika programu ya vifaa vya ulinzi wa mtandao, vile ambavyo kwa Kiswahili aghalabu huitwa “kuta za moto”. Vifaa hivyo vikawa vinazimika na kujiwasha upya, kila mara kwa muda usiotimia dakika 5, na hali ikaendelea kwa takriban saa 10. Kila vilipozimika, kituo cha udhibiti kilipoteza mawasiliano na mitambo iliyo mbali. Umeme haukukatika, ila ahueni hiyo isimpumbaze mtu: kiraka cha kuiziba dosari kilikuwa kimekwisha kutolewa. Hakikuwa kimewekwa.

Ni hapa ambapo wanaistilahi wanapaswa kujisaili. “Ukuta wa moto” ni tafsiri sisisi. Kiingereza kililiazima neno lake kwa waashi, likiwa na maana ya ukuta unaozuia moto usienee. Mswahili alisikiapo huona ukuta unaowaka. Kosa hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ukuta hujengwa ukaachwa, ilhali kifaa hiki ni tarakilishi kamili. Hupokea kila ujumbe, hata wa adui, kikaupima ndipo kiamue kuupitisha au kuuzuia. Katika kuupima huko ndimo kinamoweza kuangushwa.

Neno “bawabu” lingefaa zaidi. Bawabu husimama langoni, huhoji wapitao, hulaghaiwa, na hulazimika kufunzwa hila mpya za wezi. Fundi aliyefundishwa kwa neno hili hatashangaa akiambiwa kwamba mlinzi naye huhitaji kulindwa.

Wapo watakaodai kuwa istilahi ya awali imekwisha kuota mizizi. Huenda, lakini mizizi yake bado haijazama, kwani miongozo ya mafundi wa mitambo iliyoandikwa kwa Kiswahili ni michache mno. Ugumu wa kweli uko kwingine: bawabu hashonwi kiraka, na neno hilo nalo itabidi litafutiwe mwenzake.