UCHAMBUZI: Nambari ya siri hubadilishwa, kidole hakibadilishwi

Teknolojia ya kumtambua mtu kwa viungo vya mwili wake imeingia katika maisha ya Mkenya kwa kasi ambayo wengi hawajaitia maanani. Alama za vidole hufungua rununu na kumtambua mpiga kura kituoni. Tangu 2025 Wizara ya Afya imekuwa ikizitaka hospitali zizitumie pia kumtambua mgonjwa anayetibiwa kwa bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024.

Sababu inayotolewa ina mashiko. Nambari ya siri inayotumwa kwa simu inaweza kupewa mtu mwingine, na kwa njia hiyo hospitali laghai ikadai malipo ya mgonjwa ambaye hakuwahi kulazwa. Kidole hakiazimwi. Iwapo pesa za umma zitalindwa kwa mbinu hiyo, hakuna mlipa ushuru atakayenung'unika.

Hata hivyo, kuna maswali mawili yanayofaa kujibiwa kabla ya kila ofisi na kila duka kununua mtambo wa kusoma vidole. Je, mwananchi atafanya nini mtambo unapokataa kumtambua? Na je, atafanya nini data ya mwili wake inapoangukia mikononi mwa wasiostahili?

Si mara ya kwanza kwa vidole vya Wakenya kuwekwa kwenye kumbukumbu. Sheria ya usajili ya mwaka wa 1915, ambayo utekelezaji wake ulianza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande chenye alama za vidole vyake. Wengi walikitia ndani ya kijaluba cha chuma na kukivaa shingoni.

Lengo la mkoloni lilikuwa kuwadhibiti vibarua. Aliyetoroka shamba la mlowezi aliweza kusakwa na kurudishwa kwa mwajiri. Hadi leo wapo wazee wanaokiita kitambulisho cha taifa "kipande", na kumbukumbu hiyo inatufunza kwamba alama ya kidole humtumikia yule anayeishikilia.

Ni muhimu kuelewa jinsi mitambo ya leo inavyofanya kazi. Mtu anaposajiliwa, mtambo husoma mistari ya kidole na kuigeuza kuwa mfululizo wa tarakimu. Anaporudi, kidole chake husomwa upya na tarakimu hizo kulinganishwa na zile za awali. Hazilingani kikamilifu hata siku moja, kwa hivyo tarakilishi huamua tu iwapo zinakaribiana vya kutosha.

Hapo ndipo makosa huzaliwa. Kiwango cha ukaribu kikilegezwa, mtu anaweza kutambuliwa kuwa mwingine. Kikikazwa, mwenyewe hukataliwa. Tuseme mtambo unamkataa mtu mmoja tu kati ya kila 100. Katika jumla ya watu milioni 20, hao ni watu 200,000 watakaorudishwa mlangoni.

Wanaokataliwa si watu wa tabaka lolote tu. Mistari ya vidole huchakaa kwa kazi za sulubu na kwa uzee. Mchumaji wa majanichai, mchonga mawe, kibarua wa saruji na ajuza aliyelima maisha yake yote ndio ambao vidole vyao husomeka kwa taabu. Ndio pia wanaoitegemea zaidi hospitali ya umma.

Wakenya wana tajriba ya jambo hili. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi. Maafisa walirejelea sajili ya karatasi na watu wakapiga kura. Mnamo Januari 2017, licha ya mvutano mkali wa kisiasa, Bunge liliibadilisha sheria ili kuwe na mfumo wa ziada teknolojia inapofeli.

Ikiwa mpiga kura amewekewa njia mbadala na sheria, mama anayefika hospitalini usiku wa manane akiwa na uchungu wa uzazi anastahili ulinzi uo huo. Haki yake ya matibabu haipaswi kutegemea uwepo wa umeme, mtandao na karani anayejua kuutumia mtambo.

Swali la pili ni zito zaidi. Nambari ya siri ya M-Pesa ikivuja, mwenyewe huibadilisha kwa dakika chache. Alama ya kidole au ya mboni ya jicho ikivuja, hawezi kupata nyingine. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Ni vyema kutofautisha. Alama inayofungua rununu kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya simu yenyewe na haitumwi kokote. Hatari kubwa imo katika hazina kuu, ambako data ya mamilioni ya watu hurundikwa mahali pamoja. Mhalifu akipenya humo mara moja, hasara ni ya taifa zima.

Rekodi yetu katika suala hili haipendezi. Mnamo 2019 mamilioni ya wananchi walipanga foleni kusajiliwa kwa ajili ya Huduma Namba kabla ya nchi kuwa na sheria ya kulinda data. Januari 2020 Mahakama Kuu ilipiga marufuku ukusanyaji wa chembechembe za DNA katika usajili huo. Oktoba 2021 ikaharamisha utoaji wa kadi zake kwa sababu serikali haikuwa imetathmini athari zake kwa usiri wa wananchi.

Miaka miwili baadaye likaja suala la Worldcoin. Julai na Agosti 2023 maelfu ya watu, wengi wao vijana, walifurika katika jumba la KICC, Nairobi, ili mboni za macho yao zipigwe picha kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban Sh7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria, na kuamuru ifutwe katika muda wa siku saba.

Ni rahisi kuwakejeli vijana wale. Lakini kwa asiye na ajira, Sh7,000 ni kodi ya nyumba na unga wa mwezi. Idhini inayotolewa kwa sababu ya njaa haiwezi kuitwa idhini huru, na sheria yetu inataka idhini iwe huru na ya mtu anayefahamu anachokubali.

Sheria yenyewe haina kasoro kubwa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda usiri wa kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaiweka data ya mwili katika kundi la data nyeti, na inampa mwananchi haki ya kujua kinachohifadhiwa kumhusu na kudai kirekebishwe. Data ikivuja na kuhatarisha wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika saa 72. Kinachokosekana ni utekelezaji unaotangulia madhara. Katika Huduma Namba na Worldcoin, mahakama ilitamka neno lake vidole na macho yakiwa yamekwisha kuchukuliwa.

India, ambayo mfumo wake wa Aadhaar umesajili zaidi ya watu bilioni moja, ilipitia njia hii kabla yetu. Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliruhusu mfumo huo utumike katika ruzuku za serikali, lakini ikazuia kampuni za kibinafsi kuushurutisha kwa wateja. Mipaka ya namna hiyo ndiyo tunayohitaji.

Kwanza, Bunge litamke kwamba hakuna mtu atakayenyimwa huduma ya msingi kwa sababu mtambo umeshindwa kumtambua. Pili, asasi yoyote inayotaka vidole, sura au macho ya watu itathminiwe kabla ya kuanza kazi, iwe ya serikali au ya kibinafsi. Tatu, ofisi ya Kamishna ipewe fedha na wakaguzi wa kutosha hadi mashinani.

Naye mwananchi asione haya kuuliza mtambo unapowekwa mbele yake: data hii inakwenda wapi, itakaa muda gani, na nikikataa kuna njia gani nyingine? Karani asiyeweza kujibu maswali hayo hastahili kupewa kidole.