Ukurasa wa Wazazi: Mtoto katika Motokaa Iliyofungwa

Mara ngapi tumeona jambo hili? Baba asimamisha motokaa kando ya soko, mama yuko pamoja naye, na mtoto wao wa miaka 2 amelala usingizi katika kiti cha nyuma. Wanasema: «Tumwache alale, twarudi sasa hivi.» Wanapandisha vioo na kufunga milango, maana wezi ni wengi, kisha wanakwenda. Lakini soko lina mambo yake. Mama akutana na dada yake, mwuzaji hana noti ndogo za kurudisha, baba aitwa na rafiki. Dakika 5 zimekuwa 40.

Watu hao hawakosi upendo. Wanamwacha mtoto kwa sababu wanamhurumia usingizi wake. Wasichokijua ni nini kinachotendeka nyuma ya vioo vile.

Nuru ya jua hupita katika kioo bila shida. Ndani huvipiga viti na ubao wa mbele, hasa vikiwa vyeusi, navyo hupata moto na kuipasha hewa iliyo karibu. Hewa hiyo haina mlango wa kutokea. Aliyewahi kukaa saa sita mchana katika nyumba ya mabati isiyo na dari, madirisha yote yamefungwa, aweza kufahamu kidogo. Lakini motokaa ni ndogo kuliko nyumba, nayo hupata moto upesi zaidi.

Madaktari wa Marekani walilipima joto hilo, wakatoa habari zake mwaka 2005. Siku ya jua, nje pakiwa na digrii 22 tu, ndani ya motokaa joto lilifika digrii 47 kwa muda wa saa moja. Tena sehemu kubwa ya joto hilo huongezeka katika nusu saa ya kwanza. Basi wakaaji wa Bukavu wasiseme kwamba habari hii ni ya watu wa Kalemie na Uvira, au ya Lubumbashi katika mwezi wa Oktoba. Jua la milimani nalo ni jua.

Wengine hujibu: «Mimi huacha kioo wazi kidogo.» Madaktari wale walilijaribu jambo hilo pia, wakaona kwamba nafasi ndogo ya kioo haipunguzi joto kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Na kivuli? Kivuli chasaidia, lakini hakitoshi. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walipima motokaa katika jimbo la Arizona, yenye joto kali sana. Walipiga hesabu kwamba mtoto wa miaka 2 angeweza kupatwa na hatari ya kufa baada ya saa moja katika motokaa iliyo juani. Katika ile iliyo kivulini, kabla ya saa 2 kwisha. Tukumbuke pia kwamba kivuli hutembea. Mwembe uliofunika motokaa asubuhi haufuniki tena mchana.

Mwili wa mtoto mdogo hupata moto mara 3 hata 5 upesi kuliko wa mtu mzima, wala jasho lake halijawa na nguvu ya kumpoza. Joto la mwili likipita digrii 40, ubongo na moyo huanza kushindwa. Tena mtoto mchanga hawezi kufungua mlango, hawezi kuita mtu kwa jina. Akilia, vioo huizuia sauti yake.

Huko Marekani watoto zaidi ya 950 wamekufa hivyo tangu mwaka 1998. Zaidi ya nusu yao hawakuachwa kwa makusudi: walisahauliwa. Tusifanye haraka kuwahukumu wazazi wao. Mtu aliyezoea kila siku kwenda moja kwa moja kazini, siku moja akipewa mtoto ampeleke shuleni kwanza, mtoto akalala kimya nyuma, miguu na mikono yake hufuata njia ya kila siku. Katika Italia, tangu mwaka 2019, sheria yataka kiti cha mtoto wa chini ya miaka 4 kiwe na chombo cha kumkumbusha dereva. Sisi tusio na chombo hicho tuweke mfuko wetu au simu yetu kiti cha nyuma, karibu na mtoto.

Lakini kwetu naona hatari nyingine iliyo karibu zaidi, hata kwa wale wasio na motokaa. Ni zile motokaa mbovu zinazokaa uani juu ya matofali, zikingoja vipuli miaka na miaka. Watoto huzipenda mno. Hucheza udereva, hujificha ndani yake, hata katika sanduku la nyuma. Milango ya nyuma ya motokaa nyingi ina kifungo kinachozuia isifunguliwe kwa ndani, na honi hailii kama hakuna betri. Mwenye motokaa ya namna hiyo aifunge kwa ufunguo, au aing'oe milango yake. Na mtoto akipotea nyumbani, tutazame kwanza kisimani na ndani ya motokaa, ndipo twende kwa majirani.

Ukimkuta mtoto amefungiwa na joto limemlegeza, vunja kioo kilicho mbali naye. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea. Akiwa macho na kuweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo; akiwa amezimia, usimtie kitu kinywani, mlaze ubavu. Usimpe dawa ya homa, maana joto hili si la homa na dawa hiyo hailipunguzi. Mpeleke hospitali mara moja, ukiendelea kumpoza njiani. Ukifika, umwambie mwuguzi wazi kwamba mtoto alikuwa ndani ya motokaa na kwa muda gani, asije akaona mwili wa moto akadhani ni malaria tu.