Saa Kubwa, Mkono Mwembamba

Desemba ikikaribia, Wachaga wote wanapatwa na homa moja, awe wa Dar, wa Mwanza, wa Nairobi au wa Houston. Ni homa ya kupanda nyumbani. Gari linapelekwa gereji, watoto wananunuliwa viatu, mbuzi anaagizwa mapema kabla bei haijapaa. Na siku hizi kuna na suala la saa. Unamkuta mtu amekaa kiti cha abiria, mkono wa kushoto dirishani tangu Chalinze, Korogwe, Same, zaidi ya kilomita 500, chuma kinameta mpaka boda boda wanafumba macho. Akifika kwenye kiplefti ya mnara wa saa pale Moshi mjini, unajiuliza saa ipi ni kubwa kati ya ile ya mnarani na ile ya dirishani.

Mimi sina ugomvi na saa kubwa. Kama umeipata kwa jasho lako, vaa, mjini hapa tumeona makubwa zaidi. Nazungumzia mkono. Kuna watu, wanaume kwa wanawake, Mungu kawapa mikono myembamba, halafu wamebandika juu yake kitu kama kifuniko cha chupa ya chai. Kishikizo cha shati hakifungi. Saa inazunguka mpaka inakaa chini ya mkono, na mwenyewe muda wote anairudisha kwa mkono wa pili. Ukumbini ameitwa mbele kukata ndafu, kila mtu ana kamera, yeye anahangaika na saa, kisu kimesimama hewani.

Cha ajabu ni kwamba wazee wetu walifanya kinyume. Angalia zile picha za zamani zilizotundikwa sebuleni Kibosho au Machame. Mzee kavaa koti, kasimama mbele ya migomba, mkono mnene kama mti wa mkahawa uliozeeka, na juu yake kasaa kadogo. Saa za kiume za miaka ya 1950, kahawa ilipokuwa na bei nzuri, nyingi zilikuwa na upana wa milimita 34 hadi 36 tu. Zilitiwa ufunguo kila asubuhi, basi. Mikono ile ilipalilia kihamba, ilibeba magunia, ilipasua kuni. Sisi wajukuu tunaobonyeza kompyuta na simu kutwa nzima, mikono imekuwa laini na myembamba, ndio tumejitwika milimita 44.

Huo ukubwa nao una historia yake, na haukuanza na mabishoo. Marubani wa Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili walivaa saa za milimita 55, lakini walizivaa juu ya mkono wa koti. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia walikuwa na Panerai za milimita 47, kwa sababu chini ya maji, gizani, lazima uone mshale. Walikuwa na kazi nazo. Mwaka 1993 Audemars Piguet wakatoa Royal Oak Offshore ya milimita 42, na watu wa fani wakaona hawa sasa wamechanganyikiwa. Mwaka 1996 Sylvester Stallone akaonekana na Panerai kwenye filamu ya Daylight. Baada ya hapo ikawa fasheni. Miaka ya 2000 ndiyo ile ya bling bling, nasi tukaiona kwenye video, tukaipenda, tukaiagiza Dubai au tukaifuata Kariakoo, kila mtu na mshiko wake.

Sasa upepo umegeuka, na wenye mikono myembamba mna bahati. Rolex Explorer ndiyo mfano wangu. Ilitoka mwaka 1953, mwaka ule Everest ulipopandwa kwa mara ya kwanza, ikiwa na milimita 36. Mwaka 2010 wakaipeleka 39. Mwaka 2021 wakairudisha 36 ile ile. Kwa hiyo saa ya mpanda mlima ni ndogo kuliko ya yule jamaa wa dirishani, ambaye mlima wenyewe anauona kutoka barazani kwa shangazi yake.

Kabla hujanunua, chukua tepe ya fundi cherehani, zungusha kwenye kifundo cha mkono. Ukipata sentimita 16 au pungufu, wewe ni wa mkono mwembamba, usibishane na tepe. Halafu geuza mkono, pima ile sehemu bapa ya juu tu, pale saa inapolala. Wengi wanatazama upana wa uso wa saa peke yake, lakini kinachoamua ni urefu kutoka masikio ya juu hadi masikio ya chini, yale yanayoshika mkanda. Masikio yakivuka ukingo wa mkono na kuning'inia, saa hiyo si yako hata kama hela unayo. Saa mbili zenye uso sawa zinaweza kukaa tofauti kabisa, moja ina masikio mafupi yaliyoinama na kukumbatia mkono, nyingine yamenyooka kama rula. Tazama na unene pia. Saa nene haiingii chini ya shati la ofisini, labda uwe na fundi nguo atakayekuongezea mkono wa kushoto. Wapo wanaofanya hivyo, na nguo inapendeza.

Nyie wa kupanda nyumbani mna lenu la ziada. Mkono unavimba kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi. Saa ya cheni uliyokatiwa Dar ikakukaa sawasawa, ukifika nayo Marangu asubuhi ya Julai, ukungu mpaka mlangoni, itakuzunguka kama bangili. Usikimbilie kwa fundi kutoa vipingili vingine. Saa nyingi za cheni zina nafasi ndogo za kurekebishia pale kwenye kifungio. Na vikitolewa vipingili, usiviache kwake! Vidai, viweke kwenye bahasha, weka bahasha kwenye boksi la saa. Siku ya kuuza vitakuongezea hela. Siku ukinenepa utavihitaji.

(Na kwa kuwa tuko kwenye uso wa saa: sisi ni watu tunaonunua saa kwa mamilioni, mshale mfupi ukalala kwenye saba, nasi tukasema ni saa moja kamili. Hapo ukubwa unasaidia kweli, maana namba ya upande wa pili inaonekana vizuri.)

Turudi kwenye hela, maana ndipo nyumba zinapotikisika. Submariner mpya ya chuma tupu, haina hata chembe ya dhahabu, inazidi dola 9,000 za Marekani. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 20. Hizo ni kama pikipiki sita mpya, zote barabarani zikileta hesabu kila jioni. Mke anauliza, "Mume wangu, hii saa shilingi ngapi?" Mume anajibu, "Ya kawaida tu, mama, ofa ya Dubai." Mimi nasema hapo ndipo ukubwa wa saa unapokuwa tatizo kweli. Saa ndogo unaweza kuidanganyia bei. Kubwa inauliziwa na kila mtu, na siku moja shemeji mjuaji ataitaja bei mezani, mtori haujapoa.

Na sheria mjue inasemaje. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 61, inachukulia kwamba zawadi mume aliyompa mke, au mke aliyompa mume, ni mali ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo dada uliyemnunulia mume saa ya harusi, mkikorofishana usiende kuidai kama kiporo. Lakini mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja ni jambo jingine, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Kwa hiyo bwana unayesema "nimeinunua kwa mshahara wangu", nani alikuwa anapika na kulea huku wewe unaukusanya huo mshahara?

Nimeyasema yote haya kwa sababu ya dada mmoja wa Kibosho, anafanya kazi benki, tumekuwa tukizungumza tangu mwaka jana. Baba yake alifariki, na baada ya matanga ukoo ukakaa kikao. Kaka zake watatu wakagawana kama kawaida ya kwetu, kihamba na nyumba kwa wa mwisho, mashamba ya chini na kiwanja cha Moshi kwa wale wakubwa. Ikafika zamu ya binti. Kaka mkubwa akasema, "Dada, wewe chukua saa ya mzee, iwe kumbukumbu." Saa yenyewe ni limtambo, milimita 44, mkanda wa ngozi uliochakaa, pembeni ina kidaraja cha chuma kinachobana kitufe. Mzee aliinunua Ulaya mwaka 2003 katika safari ya kikazi. Pale nyumbani kila mtu alijua ni ya Mchina.

Akaivaa. Mkono wake ni sentimita 15. Akampelekea fundi saa mjini, yule wa kioo jichoni, amtobolee tundu jingine kwenye mkanda. Fundi akaigeuza, akaifungua nyuma, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Dada, hii usipande nayo daladala." Ni Panerai, tena halisi. Shemeji yake wa Dubai akatumiwa picha, akajibu kwamba ataiuza wiki hiyo hiyo kwa hela inayozidi milioni kumi.

Basi ugomvi ukaanza, na umeanzia chumbani. Mume anataka iuzwe wamalizie nyumba yao, imekwama kwenye lenta mwaka wa pili sasa. Tena ana hoja inayoingia akilini: "Mke wangu, saa yenyewe haikutoshi. Inakuvaa wewe." Wifi yake, ambaye amekwisha sikia, anasema kaka zake wakijua watataka kikao kirudiwe. Na yeye mwenyewe, kila akienda kazini, anaivua getini na kuificha kwenye mkoba, anaivaa tena akifika mezani kwake.

Nilimwambia ninavyoona. Kwa sheria, kifungu cha 58, ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mke wala ya mume. Kwa hiyo kilichotoka kwa baba yake ni chake, na mume anaweza kushauri, kubembeleza, hata kununa, lakini hawezi kuiandikia bajeti ya lenta. Nyumba iendelee na ratiba yake ya zamani, kabla ya mtu yeyote kujua kuna Panerai. Kuhusu kaka zake, nilimshauri awaambie yeye, kwa mdomo wake, aanze na kaka mkubwa. Walipompa ile saa waliona wamempa kitu kidogo, na hilo wanalijua mioyoni mwao. Kikao kirudiwe? Sawa, kirudiwe, na kiwanja cha Moshi nacho kiletwe mezani kithaminiwe. Sidhani kama kuna atakayetaka.

Na kuhusu mkono, hapo mume amekosea. Yule fundi alikataa kutoboa tundu, na alifanya vizuri, maana mkanda wa mzee ni wa kutunzwa. Saa ya mkanda wa ngozi ndiyo rahisi kuliko zote kwa mkono mdogo, unabadilisha mkanda tu, ukachukua mfupi na laini unaoshuka moja kwa moja kutoka kwenye masikio. Ule wa zamani, wenye alama ya jasho na kifungio cha baba, unaingia kwenye boksi. Na isivaliwe pale pale penye kifundo, isogezwe juu kidogo kuelekea mkono mnene. Dada mwenye saa kubwa ya kiume na gauni la kawaida, bila bangili wala mbwembwe nyingine mkono huo, anapendeza kuliko bishoo yeyote. Ila asijaribu na gauni la mikono mirefu inayobana, itamng'ang'ania kama upupu.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Mkanda ameshapata, mweusi, mfupi, na tundu la mwisho linamtosha. Mume bado amenuna, ila naye kaomba ajaribishe, akaenda kujitazama kwenye kioo, akarudisha bila kusema kitu. Kaka mkubwa bado hajaambiwa. Tarehe 23 Desemba wote watakuwa Kibosho, mbuzi ameshalipiwa, na mbege imeagizwa. Nikamuuliza, je, ataingia nayo ndani ya mkoba au mkononi?

"Mkononi, Dada," akasema. "Nitamkaribisha kaka mbege kwa mkono huo huo."