Kipimo cha kweli ndicho dawa ya vali zinazovuja

USIPOZIBA ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika viwanda vya kusafisha mafuta, nyufa zenyewe hazionekani kwa macho, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kiwanda kimoja kikubwa huwa na maelfu ya vali. Mahali ambapo chuma cha kuzungushia vali kinaingia ndani, huzingirwa na kizibo. Kizibo hicho huchakaa kwa joto na shinikizo, kisha gesi ikapenya kidogo kidogo.

Vali moja huenda isidhuru sana. Lakini zikivuja nyingi kwa pamoja, hewa huchafuliwa na kemikali, ikiwemo benzini ambayo husababisha saratani. Wanaoumia kwanza ni wafanyakazi na majirani wa viwanda.

Nchini Marekani, sheria za miaka ya 1980 zilivitaka viwanda kupima vali kwa kifaa maalum na kurekebisha zinazovuja. Katika makaratasi, mambo yalikuwa shwari.

Hata hivyo, mwaka 1999 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilifichua mengine. Wakaguzi wake walipopima upya vali katika viwanda 17, walipata kuwa asilimia 5 zilikuwa zikivuja. Ripoti za viwanda vyenyewe zilikuwa zimetaja wastani wa asilimia 1.3 pekee.

Kilichokosekana si vifaa. Kifaa hicho lazima kishikiliwe karibu kabisa na kizibo na kusogezwa polepole. Anayepita mbio ili amalize vali nyingi kwa siku huandika nambari ndogo, huku gesi ikiendelea kutoka.

Aidha, aliyepima ndiye aliyebeba gharama ya kurekebisha. Hiyo ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Kuanzia mwaka 2000, EPA ilizibana kampuni za mafuta kupitia mahakama. Zilikubali ukaguzi wa watu huru na mafunzo kwa wapimaji. Baadaye, baadhi zilitakiwa kuweka vali zenye vizibo bora.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2024 kuhusu methani, gesi ambayo kwa miaka 20 huongeza joto duniani zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi. Ripoti za kampuni sharti zithibitishwe na wakaguzi huru.

Vizibo bora vinapatikana. Lakini serikali inayoamini nambari za mwenye kiwanda bila kuzikagua itabaki ikisifu hewa safi kwenye ripoti, huku wananchi wakivuta sumu.