Kinga Haiuzwi kwa Chupa



Siku hizi magrupu yetu ya WhatsApp yamejaa biashara ya "kuongeza kinga". Leo chupa ya habasoda na asali, kesho unga wa mlonge, keshokutwa mafuta yasiyojulikana yametoka mti gani, na chini ya picha maneno ni yale yale: hutibu fibroidi, uvimbe na saratani za kike, kwa sababu huamsha kinga ya mwili. Sina ugomvi na habasoda. Mtume wetu (S.A.W.) ameisifu, na nyumba nyingi hapa kisiwani haikosekani. Ugomvi wangu ni na hilo neno "kwa sababu". Ndani yake mna nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu, maana mtu mwenye hofu huishikilia akadhani ameupata wote.

Basi leo tuutazame huo ukweli wenyewe, kwa saratani moja ambayo wanawake tunaizungumza kidogo mno: saratani ya ovari, yaani inayoshika vifuko vya mayai ya uzazi.

Ni kweli kwamba kinga ya mwili hupambana nayo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha uchunguzi wa vinyama 186 vilivyotolewa kwa wanawake ambao saratani yao ya ovari ilikwisha kusambaa. Walitafuta seli T, ambazo ni askari wa kinga wanaotembea ndani ya damu. Seli za saratani hujikusanya mafungu mafungu, na wataalamu huyaita mafungu hayo visiwa. Suala lilikuwa hili: je, askari wamevuka wakaingia ndani ya kisiwa, au wamebaki nje?

Katika zaidi ya nusu ya vinyama, askari walikuwamo. Miongoni mwa wanawake hao, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka 5. Miongoni mwa wale ambao visiwa vyao havikuwa na askari hata mmoja, waliofika miaka 5 walikuwa asilimia 4.5 tu. Tena uvimbe usio na askari ulikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha protini inayootesha mishipa mipya ya damu, ile mishipa ambayo uvimbe huitumia kujilisha na kukua.

Mwaka uliofuata, watafiti wengine walionesha kwamba si kila askari ni rafiki. Zipo seli T ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari wenzao, na uvimbe huziita zije kuulinda. Zikiwa nyingi, mgonjwa huishi muda mfupi zaidi. Kisha mwaka 2017 ukaja uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 5,500 kutoka nchi mbalimbali. Katika aina ya saratani ya ovari inayopatikana zaidi, nusu ya wagonjwa ambao uvimbe wao haukuwa na askari wauaji walifariki ndani ya miaka 2.8. Kwa wale waliokuwa na askari wengi, nusu yao walivuka miaka 5.

Huo ndio ukweli, na ni mzito. Sasa turudi kwa muuza chupa.

Kwanza, askari hawa huhesabiwa kwa hadubini, ndani ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Hawaonekani usoni, wala kwenye kucha, wala kwa kushikwa mkono. Mtu ambaye hajakiona kinyama chako hajui kama kinga yako imeingia kisiwani au la, na anayekwambia anajua anakudanganya.

Pili, anasema anaongeza kinga. Kinga ipi? Tumeona kuna askari wanaoshambulia uvimbe na kuna wanaoulinda. Chupa yake inaongeza wepi? Muulize, umsikilize atakavyojibu.

Tatu, na hili ndilo naomba ulishike kuliko yote: wanawake wale wa mwaka 2003 wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Waliopata matokeo bora kabisa ni wale ambao baada ya kisu na dawa za saratani za kutundikiwa kwenye mshipa, madaktari hawakuona tena ugonjwa mwilini mwao. Kati ya hao, wenye askari ndani ya uvimbe asilimia 73.9 walikuwa hai baada ya miaka 5. Wasio na askari walikuwa asilimia 11.9. Kwa hiyo hata pale kinga ilipofanya kazi yake vizuri, ilifanya bega kwa bega na kisu na dawa. Uchunguzi ule haukutuonesha mwanamke aliyepona kwa kinga peke yake akiwa amekaa nyumbani.

Nne, wataalamu wenye maabara na mabilioni ya fedha wamejaribu kwa miaka kuwaamsha askari hawa kwa dawa maalumu. Kwenye saratani nyingine, kama ile ya ngozi iitwayo melanoma, wamepiga hatua kubwa. Kwenye ovari, majaribio kadhaa makubwa hayakuleta faida iliyotarajiwa, na kazi bado inaendelea. Ikiwa wao wamepata taabu kiasi hicho, mwenye unga wa elfu ishirini amefanikiwa vipi?

Najua kuna dada atakayesoma asilimia hizi moyo ukamwenda mbio, pengine kwa sababu mama yake au dada yake yuko kwenye matibabu sasa hivi. Mpenzi, asilimia ni hesabu ya watu wengi waliokwishapita. Haijui jina lako wala siku yako. Daktari anayesema "wagonjwa wa hali hii wengi huishi miaka kadhaa" hajadai elimu ya ghaibu. Amesema alichokiona kwa wengine. Siku ya mtu iko kwa Mola wake. Hata katika kundi lile gumu kabisa la asilimia 4.5, wapo waliovuka. Hesabu ni ya kumsaidia daktari kupanga tiba, na ya kutusaidia sisi kutopoteza muda. Isitumike kumkatia mtu tamaa, wala isifichwe mgonjwa mwenyewe anapotaka kujua. Mwili ni wake na amana ni yake.

Wengine watasema: mimi nimetawakali. Vizuri. Lakini sote tumefundishwa madrasa kisa cha yule mtu na ngamia wake, kwamba kumfunga kunatangulia, kisha ndiyo tawakkul. Kwenda hospitali ni kumfunga ngamia.

Na kufunga kwenyewe kunaanza mapema, kwa sababu saratani hii ni ya kimya. Takwimu za Marekani zinaonesha kwamba ikigunduliwa ikiwa bado imo ndani ya ovari, takriban wanawake 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Tatizo ni kuwa wengi hugunduliwa ikiwa imeshatapakaa tumboni, na daktari wa upasuaji anapoacha uvimbe mwingi asioweza kuufikia, kazi ya dawa na ya wale askari inakuwa nzito.

Hapa nataka tusahihishane jambo moja. Kile kipimo cha shingo ya kizazi tunachohimizwa, na ambacho nawasihi mwende mkafanye, hakiangalii ovari. Ukiambiwa uko salama, uko salama upande wa shingo ya kizazi. Kwa ovari hakuna hadi leo kipimo cha kuwapima wanawake wote wasio na dalili kikaokoa maisha. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 200,000, kwa kipimo cha damu cha CA-125 na kwa ultrasaundi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yakaonesha vifo havikupungua. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe na tumbo lako.

Dalili zake ni za kawaida mno, ndiyo maana tunazipuuza: tumbo kujaa na kuvimba, kushiba kwa matonge machache, maumivu ya tumbo au ya kinena, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Sisi huita chango, au gesi, au utu uzima, tukachemsha majani tukanyamaza. Mara nyingi huwa ni kitu chepesi kweli. Lakini mwongozo wa matibabu wa Uingereza unawataka madaktari wampime mwanamke, khasa aliyefika miaka 50, ikiwa dalili hizi zinamjia zaidi ya mara 12 kwa mwezi. Shika hesabu hiyo. Ziandike siku kwenye simu, uende nazo kwa daktari, umwambie: hii ni mpya, na haiondoki. Na kama kwenu kuna waliougua saratani ya ovari au ya matiti, upande wa mama au wa baba, sema pia, kwa sababu zipo familia zinazorithishana hatari hii.

Kuhusu sitara, ni haki yako kuomba daktari mwanamke. Akikosekana, masheikh wetu wameshatueleza kuwa dharura ya matibabu ina hukumu yake, na unaweza kuingia na mahram wako. Aibu isikuzuie. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Najua pia safari ni ngumu. Wagonjwa wengi wa saratani kutoka visiwani hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kuna nauli ya boti, pa kulala, na watoto wa kuachiwa mtu. Hapo ndipo pesa zetu za vikundi zinapotakiwa. Fedha tunazochangia kununua chupa za kinga, zingelipa nauli za mgonjwa na mwenziwe, kwenda na kurudi.

Kama unakunywa habasoda, kunywa, na umwambie daktari wako unachokunywa, kwa sababu baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za saratani. Na ukifanyiwa upasuaji wa uvimbe wowote, uliza kwa adabu: kinyama kimepelekwa maabara? Majibu yako wapi? Usiondoke bila kujua utayapata lini.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atupe sisi wazima ujasiri wa kwenda mapema. Amin.